ULE VEDETI (STAA) WA MIONZI AMEPANGUZA MUKONO BAADA YA KUSALIMIA MAMA YANGU!!!

Mutoto_wa_Likasi: Bandugu wa L'shi (Lubumbashi), jambo yenu. Naandika mikono inatetemeka. Ule vedeti munamujua wote, alikuja leo huku Katuba kutufundisha uraniamu. Akasema ile ya bomu ya Hiroshima 1945 ilitoka mu mugodi wa Shinkolobwe, sawa, nani huku hajui? Mama alikaa mbele tangu saa mbili na kitenge chake cha misa, juu baba alichimba kobalti mu mugodi ule ule, na nguo zake mama njo alikuwa anafua, maji inageuka nyeusi tii. Akasimama akamupa mukono: “bwana yangu alikuwa krezere (muchimbaji wa mikono) wa Shinkolobwe.” Ule muntu AKAPANGUZA MUKONO!! Akatosha kachupa mu mufuko, akapaka, akasugua kidole kimoja kimoja mpaka ku kucha, utasema ameshika Chernobyl yenyewe, na kamera inaangalia!

Mionzi si upele! Hatari ni vumbi yenye kuingia mu mapafu, ni gesi ya radoni mule mu mashimo, na bakrezere walishuka na kandambili. Serikali ilifunga mugodi Januari 2004, Julai ukabomokea bantu, maana walikuwa bado wanachimba. Mama njo anajua hizo zote, na ule vedeti hakumuuliza hata “mama, unakohoa?” Alipanguza tu. Kidole kimoja kimoja.

Shikulu77: Uliesabu vidole? 😂

Mutoto_wa_Likasi: Niliesabu! Kumi! Na mama alimupa mukono mumoja tu!

MwanaKatuba: Nilikuwa pale, ni kweli. Mie niliomba foto akasema nisimame mbali, pengine mie njo uraniamu.

MamaBukari: Munamuonea. Angalau anaongea juu ya Shinkolobwe, wengine ni pombe na babibi tu.

Mutoto_wa_Likasi: Mama, aongee, nani amekataa? Lakini ALIPANGUZA MUKONO mbele ya mama yangu, na mama amefika nyumbani anajinusa mikono.

Petit_Kenya: Afazali yenu alifika. Ule mwimbaji wa Noeli tulilipa tikiti akaimba nyimbo mbili akapanda jipu.

Shikulu77: Mbili?? Siye moja, na sauti ilikuwa ya sidi, mikrofoni iko mu mufuko!

Petit_Kenya: 😂😂 mu mufuko wa suruali ama wa koti

MamaBukari: Tena viti vya plastiki vya leo, nani alibeba? Changu cha buluu hakijarudi.