Naomba ushauri: kuziba shimo la changarawe liwe bwawa la kuhifadhi maji

Wakuu, heshima kwenu. Tuna shimo lililoachwa baada ya changarawe kuisha, eneo kama hekta 1, kina mita 5. Kwa hesabu ya haraka ni mita za ujazo 50,000 (pungufu kidogo, maana kingo zimelala). Tunataka liwe bwawa la umwagiliaji. Tatizo mnalijua: changarawe haishiki maji. Kiangazi yanazama, masika maji ya ardhini yanapanda yenyewe sakafuni.

Kuna kutandika udongo wa mfinyanzi na kuushindilia tabaka kwa tabaka, au kutandaza karatasi nzito ya plastiki. Hofu yangu kwa zote mbili ni moja: bwawa likiwa tupu huku maji ya nje yako juu, msukumo wa chini utaivimbisha plastiki au utapasua udongo. Inayonivutia ni kuchimba mtaro mwembamba kuzunguka shimo lote hadi kwenye mwamba usiopitisha maji, kisha kuujaza mchanganyiko wa udongo na bentonaiti (aina ya mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba maji). Kando ya mto South Platte, jimbo la Colorado, Marekani, mashimo mengi yamezibwa hivyo. Lakini mwamba ukiwa na nyufa, si ndiyo pesa imezama?

Mliowahi kuifanya kazi hii, mlichoronga kupima mwamba kila baada ya mita ngapi? Na uvujaji mliutenganishaje na maji yanayopotea kwa mvuke? Milimita 5 tu za mvuke kwa siku ni mita za ujazo 50 kwa hekta, zinaweza kuficha mengi.