Je, hakimiliki inaeneza elimu au inaizuia? Swali kutoka darasa lenye wanafunzi wasioona

Mwalimu wa Fasihi
Ndugu zangu, habari za leo. Darasani kwangu nina wanafunzi watatu wasioona. Mwaka jana nilimwandikia mchapishaji mmoja kuomba ruhusa ya kukigeuza kitabu cha riwaya kuwa maandishi ya nukta nundu, yanayosomwa kwa vidole, na muhula ukaisha bila jibu. Mmoja wa wanafunzi hao hupitisha vidole juu ya kurasa za kitabu cha jirani yake, zilizo laini tupu, kisha hukirudisha. Ninaheshimu jasho la mwandishi, lakini sheria inayonitaka nisubiri idhini ya mtu asiyejibu inamsaidia nani?

Mkutubi
Pole, Mwalimu. Kero hiyo ndiyo iliyozaa Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 27, 2013 chini ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani na kuanza kutumika Septemba 30, 2016. Nchi wanachama hutakiwa kuruhusu katika sheria zao kitabu kigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila idhini ya mwenye haki, na nakala hizo zivuke mipaka, ili kilichokwisha kuandaliwa Nairobi kisiandaliwe upya Dodoma. Kenya iliridhia mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020.

Mwandishi
Mrabaha wangu, yaani fungu langu la mauzo ya vitabu, wa mwaka mzima hautoshi ada ya mtoto mmoja, kwa hiyo ninapokuta kitabu changu kimetolewa kopi chote dukani, naumia kwelikweli, na katika hilo siilegezi hakimiliki hata kidogo. Lakini msomaji asiyeona hakuninyima shilingi yoyote, kwa kuwa kitabu anachoweza kukisoma hakikuwahi kuuzwa. Kumzuia yeye hakunilindi mimi.

Mwalimu wa Fasihi
Ahsanteni sana, na hasa wewe Mwandishi. Hata hivyo, ruhusa peke yake haijazi rafu. Sura ya kwanza nimeipiga mwenyewe kwa mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, jioni baada ya vipindi, na ukurasa mmoja wa kawaida ulikula kurasa kadhaa za karatasi nzito. Mchapishaji analo faili la kitabu kizima kwenye kompyuta yake. Mkataba umeniondolea haja ya kumwomba ruhusa, ila haumlazimishi kunipa faili hilo. Nitamwandikia tena wiki hii, nikiomba hilo tu.