Mvinyo wa kila siku nyumbani: boksi la lita 5 au chupa za Dodoma?

Msoweto_Moshi
Habari za jioni wakuu. Bia zimenishinda, tumbo linajaa na asubuhi naamka mzito. Nimeamua kuhamia kwenye mvinyo, glasi moja jioni nikitoka kazini. Jumamosi naingia mjini kununua na niko njia panda: nichukue boksi la lita 5 la Afrika Kusini au chupa za Dodoma? Isiwe bei ya kuumiza, na isiwe ya kunitia aibu mgeni akija.

Meku wa Rau
Bei ya kuumiza kwako ni shilingi ngapi? Mvinyo mkavu au mtamu? Mwekundu au mweupe? Unakunywa peke yako au na shemeji? Umekuja kwa daktari unaomba dawa na hujasema kinachouma ni jino au goti.

Chalii_wa_Sakina
Meku humuachi mtu apumue. Mkuu, boksi, usihangaike. Lita 5 ni zaidi kidogo ya chupa sita na nusu za mililita 750. Ule mfuko wa ndani unajikunja kadiri unavyokinga, hewa haiingii, kwa hiyo mwezi mzima unakunywa na ladha ipo. Chupa ukishaifungua, siku ya nne tayari inaelekea kwenye siki hata kama iko kwenye friji. Mimi ni Overmeer nyekundu, mwaka wa tatu sasa iko juu ya friji yangu. (Si boksi lile lile, msinianze.)

Mama Tengeru
Juu ya friji, mwanangu? Pale ndipo panapotoka joto la mashine! Ndiyo maana siku ile kwako nilisema mvinyo una ladha kama umechemshwa, ukanuna. Uweke chini, kwenye kona yenye kivuli. Na mwekundu nao upoze kidogo, nusu saa kwenye friji inatosha. Hao wanaosema mwekundu unywewe bila kupozwa wanazungumzia vyumba vya kwao Ulaya kwenye baridi, si sebule ya Moshi mwezi wa pili.

Binti_Kibosho
Naomba niongee kwa uchungu. Boksi au chupa si hoja. Hoja ni kwamba lilikaa wapi kabla hujalinunua.

Mwaka juzi tulikuwa na kishika uchumba cha mdogo wangu. Wageni wanatoka Machame, mbege yao wanakuja nayo, mimi nikapewa kazi ya vinywaji vya akina mama. Nikapita duka moja barabarani, sitalitaja, nikaona maboksi ya mvinyo mweupe yamepangwa dirishani, kila moja limepunguzwa elfu kumi. Roho ikafurahi. Nikabeba matatu, nikajiona mjanja kuliko ukoo mzima.

Wa kwanza kumiminiwa alikuwa shangazi yake bwana harusi, mama mzito, kitenge kimepigwa pasi hadi kinang'aa. Akapiga funda moja. Akalishikilia mdomoni. Akaniangalia. Akalimeza kama mtoto anavyomeza dawa ya minyoo, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hii ni ya kuweka kwenye kachumbari?" Kuja kuangalia kwenye glasi, mvinyo mweupe una rangi ya chai ya rangi! La pili hivyo hivyo. La tatu sikulifungua. Tulituma bodaboda ikafuate soda, na mama yangu hakunisemesha mpaka usiku.

Kesho yake nikarudi dukani. Jamaa akaniambia yaliyofunguliwa hayapokelewi. Nikalichukua lile la tatu, nikaligeuza, nikasoma tarehe ya kufungashwa: limepita mwaka na miezi. Na lile dirisha linatazama magharibi, jua la mchana wote ni lake. Mvinyo wa boksi haujatengenezwa kuzeeka, ule mfuko unapitisha hewa kidogo kidogo, ukishapita mwaka kununua ni bahati nasibu. Kwa hiyo Msoweto, geuza boksi, soma tarehe, halafu ndiyo uulize bei.

Chalii_wa_Sakina
Pole dada. Ila hiyo ni kesi ya duka, boksi linasingiziwa.

Meku wa Rau
Chupa ya kilo moja ya glasi nene nayo ingekaa dirishani ingekufa, hilo nakubali. Lakini hebu tuseme ukweli, kwa nini tunabeba maji ya Robertson na Stellenbosch kule Afrika Kusini maelfu ya kilomita wakati Dodoma iko hapo tu? Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Kule kwa wenzetu mzabibu unalala wakati wa baridi, hapa haulali, mkulima anapogoa na mti unabeba tena. Wamisionari wa Bihawana, hapo hapo Dodoma, ndio walioanza na mvinyo wa misa, leo Makutupora ni jina la zabibu, si la kijiji tu. Na mvinyo wa zabibu za ndani ushuru wake ni mdogo kuliko wa nje, kwa hiyo kwa pesa ile ile unapata kilicho ndani ya chupa, si kodi na nauli ya meli. Chukua Dodoma mkavu mwekundu, kula na ndizi nyama. Ukitaka mweupe, tafuta wa Chenin Blanc, zabibu ile ile wanayojivunia Afrika Kusini.

Paka_wa_Njiro
Uzalendo mzuri, lakini mimi Dodoma nimenunua chupa mbili za jina moja, duka moja, wiki mbili tofauti, ladha kama baba na mama tofauti. Four Cousins ya Afrika Kusini ukinunua Arusha au Mwanza ni ile ile. Kwa mtu anayeanza hilo lina maana.

Meku wa Rau
Four Cousins ni juisi iliyosoma.

Paka_wa_Njiro
Na ule mkavu wako ni juisi iliyofeli. 😂

Nesi_wa_Zamu
Samahani kuingilia. Hivi kuna aliyeona neno "kila siku"? Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 walisema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Sisemi uache. Nasema weka siku za kupumzika katikati ya wiki, na kama unatumia dawa za presha au sukari muulize daktari wako kwanza. Na glasi ni mililita 150, si ile bilauri ya maziwa.

Paka_wa_Njiro
Nesi, babu yangu Old Moshi amekunywa mbege toka ujana na ana miaka 91.

Nesi_wa_Zamu
Na wenzake aliokuwa anakunywa nao wako wapi?

Paka_wa_Njiro
…Sawa nesi.

Mzee Kaloleni
Mnaandika mvinyo, mvinyo. Ukienda dukani kwa Mangi ukasema "naomba mvinyo" anakuangalia kama umetoka kwenye Biblia. Sema waini. Halafu mmesahau ya ndizi. Raha inatengenezwa hapa hapa Arusha, bei yake hailingani na hayo yote, na imewatunza watu wengi kabla hamjajua kushika glasi kwa vidole viwili.

Mama Tengeru
Mzee wangu, Raha ni nzuri lakini si ya glasi moja. Hakuna aliyewahi kunywa Raha moja.

Msoweto_Moshi
Wakuu samahanini, nilikuwa kazini. Bajeti ni kama elfu hamsini kwa mwezi. Friji sina, iko kwa fundi toka mwezi wa nane. Tutakunywa mimi na mke wangu, yeye anapenda tamu. Mimi sijajua napenda nini, maana mvinyo niliowahi kunywa ni ule wa Meza ya Bwana tu.

Meku wa Rau
Siku mbili tunapigana hapa na mtu hajawahi kunywa!!

Binti_Kibosho
Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto.

Mama Tengeru
Msimcheke. Baba, lita 5 usizikaribie bado. Ukikuta hauupendi utaupikia nini? Nunua chupa mbili, mmoja mtamu wa mama, mmoja mkavu wako, zote za Dodoma au zote za nje, ulinganishe. Na kwa kuwa huna friji, ukifungua mmalize ndani ya siku mbili, chupa isimamishwe kwenye beseni la maji baridi.

Chalii_wa_Sakina
Huna friji ndiyo sababu ya boksi! Halihitaji friji!

Binti_Kibosho
Chalii, wewe una hisa humo? Msoweto, chochote utakachochukua angalia stempu ya kodi ya TRA, kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu, unaisoma hapo hapo kaunta. Muuzaji akikunja uso, rudisha chupa rafuni.

Paka_wa_Njiro
Binti, tuache hayo. Harusi ya mdogo wako ilifanyika?

Binti_Kibosho
Ilifanyika, wana mtoto sasa. Yule shangazi kila nikienda Machame ananiwekea soda mezani kabla sijakaa. Hajawahi kusema kitu, anaweka tu na kufungua.

Mzee Kaloleni
Huyo mama nampenda bila kumwona.

Msoweto_Moshi
Mama Tengeru nimekuelewa. Swali la mwisho: hizo chupa ni za kuzungusha kifuniko au za kizibo? Maana kizibuo sina.

Meku wa Rau
Inategemea chupa. Njoo Rau uazime changu, ila ujue kiko kwa jirani toka Pasaka, na jirani amehamia Same.