Mrejesho: yale makato ya gemu kwenye kadi ya benki

Wadau, nimerudi kuhusu yale makato ya kadi yangu ya benki niliyouliza humu ni ya nini, yaliyoandikwa "GOOGLE *" kisha jina nisilolijua. Shukrani nyingi kwa aliyesema huenda ni jina la kampuni iliyotengeneza gemu, si la gemu lenyewe. Nikafungua historia ya manunuzi ya Play Store kwenye simu ya mama watoto. Tarehe na kiasi vikalingana. Kumbe ni almasi, zile pesa za ndani ya gemu la Free Fire! Mnunuzi ni mpwa wangu wa Chumbageni, anayeshinda kwetu.

Nimeomba Google wanirudishie. Hela ya ununuzi wa mwisho imerudi, ya zamani imegoma kwa kuwa saa 48 za kuomba zilishapita. Benki, hapa hapa Tanga mjini, walinipigisha foleni tu. Sasa kila ununuzi unadai nywila. Dogo kanuna, na anune.