Dogo kagongesha gari ya shemeji, anarudi Ijumaa

Msumari_Goba: Wakuu, nimekwama. Mdogo wangu (17, yupo kidato cha nne) juzi kachukua IST ya shemeji kwenda dukani, kaparamia nguzo. Bampa limeng'oka, taa ya kushoto hamna. Fundi gani anapiga silva isionekane kiraka?

FundiRangi: Silva ndiyo inayoumbua mafundi. Ukipiga fenda peke yake, mchana wa jua inajitangaza. Leta picha.

Mama Wawili: Dukani saa ngapi?

Msumari_Goba: Saa saba usiku hivi.

Mama Wawili: Duka au baa?

Msumari_Goba: Tulitoka kwenye kipaimara cha jirani. Dogo alikunywa bia mbili tu na kidogo cha kwenye soda. Mimi ndiye nilikuwa nimezidi, ndiyo maana nikampa yeye ufunguo. Na kuendesha anajua, nimemfundisha mwenyewe.

Babu Kipara: Mnakumbuka viroba, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017? Vinne vinaingia kwenye soksi, mwalimu haoni kitu. Nilipanda pikipiki ya mjomba hivyo hivyo, nikaamkia mtaroni. Goti hili mpaka leo linatabiri mvua kuliko redio.

Wakili wa Kijiweni: Leseni ya gari ni kuanzia miaka 18. Bima kubwa wakijua nani alishika usukani, hamlipwi hata shilingi. Na wewe mtoa ufunguo una kesi yako.

Msumari_Goba: Hilo nimeshalimaliza. Fomu ya bima nimejaza kuwa dereva ni mimi, na kwenye PF3 wataandika hivyo hivyo.

Wakili wa Kijiweni: PF3? Hiyo fomu ya polisi ni ya majeruhi. Nguzo imeumia wapi?

Msumari_Goba: Kulikuwa na bodaboda kapaki pale kwenye nguzo. Ni mguu tu, mkuu. Mbona mnanihukumu, dogo ana mtihani wa taifa mwaka huu!

Kinyonga: Hii chai. Mwezi wa tatu ulifungua uzi unalia na daladala za Goba kwa sababu shemeji kauza gari. IST imeota?

Babu Kipara: Chai yenyewe haina tangawizi. Nani ana kitumbua?

Msumari_Goba: Aliuza Noah, jamani.

Kinyonga: Na picha ulizoombwa?

Mama Wawili: Chai au si chai, huyo wa boda nani anamlipia hospitali?

Msumari_Goba: Mke wake kapiga mara tatu leo, sijapokea. FundiRangi, mvua hizi silva inakauka siku ngapi?