UZI WA MALALAMIKO: Wenye galari za majalada ya vitabu mtandaoni, jina la msanifu mnalipeleka wapi?

Ndugu zangu, nimechoka. Jalada la kitabu cha Kampala linawekwa kwenye galari, watu wanalisifu wee, halafu chini yake pana jina la mwandishi na mwaka, basi. Aliyelisanifu hayupo. Huo ni uonevu!

Na jina mara nyingi lipo. Tazameni ukurasa wa hakimiliki, zile herufi ndogo karibu na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), au nyuma ya jalada, chini pembeni, jirani na msimbopau, ile mistari myeusi ya kuskani dukani. Ni kazi ya dakika moja. Mkiwa hapo someni na hiyo ISBN: 9970 ni mchapishaji wa Uganda, 9966 ni wa Kenya. Kitabu cha Nairobi mnakiita cha Kampala kwa nini?

Mwaka nao mnauvuruga. Kitabu kilitoka 1966, jalada mlilopiga picha ni la chapa ya 1984, msanifu mwingine kabisa, ninyi mnaandika 1966. African Writers Series, ule mfululizo wa Heinemann wa vitabu vya waandishi wa Afrika, ilianza 1962, na kwa galari nyingi yote ni "yale ya rangi ya chungwa". George Hallett wa Cape Town, ambaye picha zake zilibeba majalada ya mfululizo huo miaka ya 1970, hatajwi hata kwa bahati mbaya.

Tuje kwenye picha zenyewe. Simu yenye flashi juu ya jalada la laminesheni (lenye utando wa plastiki) inaacha doa jeupe katikati ya kichwa cha kitabu. Zimeni flashi, kaeni karibu na dirisha. Jalada lililojaa rangi ya chungwa huidanganya simu, nayo hulipoza rangi mpaka linakuwa kama tope. Wekeni karatasi nyeupe kando, pimieni weupe hapo (white balance), kisha ikateni karatasi hiyo itoke pichani. Wenye skana: jalada limechapwa kwa vitone vidogo vya wino, ndiyo maana picha zenu zina mawimbi mawimbi. Skanini kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), washeni kiondoa vitone (descreen) kwenye programu ya skana, kisha punguzeni nusu. Jalada la A5 kwa dpi 300 ni pikseli 1748 kwa 2480. Ninyi mnatuwekea upana wa pikseli 300, hata aina ya herufi haitambuliki.

Halafu mgongo! Kitabu cha kurasa 200 kwenye karatasi ya gramu 80 kina mgongo wa kama sentimita moja, na msanifu amehangaika kupenyeza kichwa, mwandishi na nembo humo. Dukani kitabu kimesimama rafuni, mgongo ndio unaoonekana. Kwenye galari zenu haupo kabisa. Mbele, mgongo na nyuma, vyote vitatu viwekwe.

NYONGEZA: Aliyejibu kwamba picha kubwa zinakula bando, wekeni ndogo mbele, kubwa ifunguke kwa anayeibofya. JPEG ya ukubwa huo mara nyingi haifiki MB 2. Jina la msanifu halili bando.