Step 2 CK 252: nina nafasi gani kwenye residensi (mafunzo ya ubingwa) ya magonjwa ya ndani katika hospitali za vyuo vikuu Marekani?

mgeni_wodini
Habari wakuu. Mwaka wa nne, MD, chuo cha serikali huku Marekani, si cha jina kubwa. Mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani: Step 1 nimepita mara ya kwanza, Step 2 CK 252. Rotesheni (zamu ya mafunzo wodini) ya magonjwa ya ndani daraja la pili kutoka juu. Upasuaji na watoto daraja la juu. Chapisho moja (jina la tatu), mabango mawili ya utafiti. Baadaye nataka ubingwa bobezi wa moyo. Nijipime vipi?

kliniki_jumatatu
Tangu Januari 2022 Step 1 ni kupita au kufeli tu, mzigo ukahamia Step 2. Yako haifungi mlango wala haifungui: wanaoufanya mara ya kwanza kutoka vyuo vya Marekani na Kanada wastani wao unacheza kwenye 250. Achana nayo.

Kinachokupima ni lile daraja la magonjwa ya ndani. MSPE, ile barua ya chuo ya kumtathmini mwanafunzi, huwa na grafu ya mgawanyo wa madaraja kwa kila rotesheni. Kama 60% ya darasa walipata daraja la juu, unasomeka uko nusu ya chini katika fani yenyewe unayoiomba. Kama waliopata ni 20%, hakuna atakayeuliza. Nenda kaione sasa, maana programu zinafunguliwa MSPE mwishoni mwa Septemba. Uliza na ngazi ya maneno ya sifa wanayofungia barua hiyo: kuna vyuo ambako "mzuri sana" ndiyo ngazi ya chini.

Dawa yake ni rotesheni ya mwaka wa nne unayobeba wagonjwa kama intani. Ifanye mapema, barua yake iwahi maombi.

faili_la_kijani
Naongeza kwenye barua. ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kuombea residensi, inapokea nne kwa kila programu, na programu nyingi za magonjwa ya ndani zinataka moja itoke kwa mkuu wa idara. "Anawahi kazini, anashirikiana vizuri" ni barua ya kumzika mtu kwa heshima. Inayobeba inasema: potasiamu 2.9 kwa mgonjwa wa furosemaidi, mwanafunzi akaomba magnesiamu ipimwe kabla hajaulizwa. Kwa hiyo unapoomba barua, mpe daktari orodha ya wagonjwa watatu mliowahudumia pamoja. Wiki tatu zikipita anakumbuka sura tu.

Utafiti: jina la tatu si tatizo. Tatizo ni usailini kushindwa kueleza sampuli ilichaguliwaje.

kliniki_jumatatu
Na signali, yaani alama unazotuma kwa programu chache kuonyesha unazitaka zaidi, dhahabu ikiwa na uzito kuliko fedha: msimu wa 2024/25 magonjwa ya ndani yalikuwa na dhahabu 3 na fedha 12. Kumwaga dhahabu zote kwa vigogo ni kamari. Weka moja juu, mbili pale ambapo wahitimu wa chuo chenu wamekuwa wakiingia. Orodha ofisi ya wanafunzi wanayo. Usiinyime signali hospitali yenu kwa kudhani inakujua. Kwa moyo, tafuta programu yenye ubobezi huo ndani ya nyumba, kisha tazama wahitimu wake wameenda wapi.

intani_dar
Wakuu, na sisi wa MD ya Muhimbili?

faili_la_kijani
Mkuu, kwenu kipimo ni kingine. Kwanza cheti cha ECFMG, shirika la Marekani linalohakiki madaktari waliosoma nje: Step 1, Step 2 CK na OET ya udaktari, mtihani wa Kiingereza. Halafu barua za madaktari waliokuona ukifanya kazi wodini Marekani; kusimama pembeni ukitazama kunahesabika kidogo. Hospitali nyingi za vyuo vikuu zinakubali viza ya J-1 tu, na J-1 inadai barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako kwamba taaluma hiyo inahitajika nyumbani, pamoja na sharti la kurudi miaka miwili. Hiyo barua anza kuifuatilia mara tu matokeo ya Machi ya kupangiwa programu yakitoka. Mkataba unaanza Julai, na meza za wizara unazijua.